Usichomelee Difu ya Gari la Kupeleka Watoto Shule

Wasee wa kuchomelea difu, najua mtaingia kwa komenti na moto. Karibuni, viti ni vyenu. Lakini hii lazima niiseme, kwa sababu swali hili hujaa inboksi yangu kila mvua zikianza, na mwezi huu kuna duka lilitaka kunilipa ili nilijibu vibaya.

Swali lenyewe huja hivi: "Kijana wangu, nina Prado. Nikiingia kwa matope, nyuma inazungusha tairi moja tu, lile lingine limekaa kama halijaajiriwa. Kuna fundi anasema atanichomelea difu jioni moja na itakuwa loka kamili. Nimpe kazi?" Aliyeandika hilo la juzi ni mzazi anayekaa upande wa Kitengela. Asubuhi anapeleka watoto watatu shule, halafu anashika barabara ya kwenda kazi Nairobi. Matope yake ni kama kilomita mbili za ule udongo mweusi kutoka nyumbani hadi lami. Zingine zote ni lami.

Difu ni lile boga la chuma katikati ya eksli ya nyuma. Propela shafti inaingia hapo, nguvu inageuzwa kwenda kando, kwa tairi la kushoto na la kulia. Ndani kuna gia ndogo zinazoruhusu matairi hayo mawili kwenda kasi tofauti, kwa sababu ukikata kona tairi la nje lina safari ndefu. Chukua gari ambalo matairi yake ya nyuma yameachana mita 1.5. Lizungushe raundabauti mara moja kamili: la nje limetembea mita 9 na kitu zaidi ya la ndani. Ni pai mara mbili mara 1.5, piga hesabu mwenyewe. Hizo mita 9 difu inazimeza na wewe hata hujui.

Shida ni kwamba difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Tairi lililo hewani linataka nguvu kidogo sana ili lizunguke, na lile lililoshika ardhi vizuri linapewa hiyo hiyo kidogo. Ndiyo maana Land Cruiser ya injini lita 4.2 inaweza kukwama kwa shimo ambalo punda anapita. Injini haina ugonjwa wowote. Na hata ukiwa umeweka 4x4, mbele nako ni hadithi hiyo hiyo: tairi moja mbele na moja nyuma zikikosa pa kushika, umesimama.

Hapa ndipo mtu huandika, "Si wewe uliacha chuo? Utatufundisha nini?" Ni kweli niliacha, mwaka wa pili, ada ilipogoma. Difu haijawahi kuniitisha cheti. Nimezifungua na fundi wangu pale Industrial Area, nimeosha gia kwa dizeli hadi kucha zikabadilika rangi. Tuendelee.

Kuchomelea ni hivi: fundi anafungua boga na kuziunganisha zile gia ndogo kwa weldi. Kuanzia siku hiyo matairi yote mawili yanaenda kasi moja, unapotaka na usipotaka. Kwa matope utapenda sana. Kuna gari ambazo kitu kama hicho kinazifaa. Rhino Charge, ile ya tangu 1989 inayochangisha pesa za Rhino Ark, ni vituo 13 ndani ya saa 10, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Watu hupanda mawe pale hadi unafunga macho. Lakini gari la mashindano linaweza kubebwa na lori hadi huko. Dereva wake ana helmeti na mkanda wa mabega, na hana mtoto wa gredi ya pili nyuma anayelia njaa.

Weka difu hiyo kwa lami yenye maji, kwenye kona. Tairi moja la nyuma lazima liteleze, hakuna njia nyingine, zile mita 9 haziendi popote. Gari linakataa kukata, linataka kwenda mbele. Ukikanyaga mafuta hapo, yote mawili yanaweza kuachia na mkia ukakupita. Siku kavu, msukosuko huo unaingia kwa eksli na kwa mpira wa tairi, kidogo kidogo. Na weldi ikipasuka, kipande cha chuma kinaweza kuingia katikati ya kraunwili na pinioni. Ukiwa kwa spidi ya barabara kuu, hiyo sitaki hata kuiwaza.

Sasa lile duka. Jina silitaji. Walitaka video moja ya dakika tatu, niite kuchomelea "loka ya mwananchi" na niweke namba yao. Pesa waliyotaja ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili. Nikauliza, naweza kusema isiende barabarani? Wakasema hapana, itatisha wateja. Nikakataa. Mamangu aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama difu ndiyo itanilipia nyumba. Sikuwa na jibu, na bado sina. Kodi ya mwezi huu nimelipa nusu.

Basi mtu afanye nini? Kwanza ajue ana nini. Gari nyingi tunazoendesha zimetoka Japani zikiwa zimetumika, chini ya ile sheria ya miaka 8, na vitu vilichaguliwa na mwenye wa kwanza. Prado mbili zinazofanana kwa sura, moja inaweza kuwa na loka ya nyuma ya kiwandani na nyingine ikawa haina chochote. Tafuta swichi kwenye dashibodi. Soma kile kibati cha gari, kuna msimbo wa eksli unaoweza kuutafuta mtandaoni: unakuambia aina ya difu na reshio. Halafu weka vizuizi kwa matairi ya mbele, inua nyuma yote kwa jeki, kaza stendi, legeza hendibreki, zungusha tairi moja kwa mkono. Lile lingine likienda kinyume, hiyo kwa kawaida ni difu ya kawaida. Likifuata upande ule ule, kuna kitu ndani.

Reshio usiipuuze. Ukiuziwa eksli nzima ya mtumba yenye loka, na reshio yake si sawa na ya mbele, usifunge. Mbele na nyuma zitapigana ukiweka 4x4, na kitu kitavunjika.

LSD ni nzuri kwa changarawe na mvua, lakini tairi likiwa hewani kabisa haina la kufanya la maana. Ile ya klachi pia huchoka na inataka mafuta yake maalum. Ile ya gia tupu kama Truetrac ya Eaton haina klachi za kuisha, na ukigusa breki kidogo wakati tairi linazunguka bure, inaamka. Kwa mtu wa barabara za mashambani asiyetaka swichi wala waya, mimi naiheshimu.

Loka za kujifunga zenyewe, kama Detroit au zile ndogo zinazoingia ndani ya boga la zamani bila kugusa kraunwili, ni ngumu kama jiwe. Ukiweka nguvu zinafunga, ukikata kona zinaachia tairi la nje. Lakini zinaachia kwa tabia zao: kishindo, mlio wa ka-ka-ka kwa maegesho, na gari kuvuta upande kidogo ukiondoa mguu. Gari la pili, sawa. Gari ambalo mkeo na shemeji wako pia wanaliendesha, hapana.

Ninayoipendekeza kwa gari la familia ni ya kuchagua mwenyewe: ile ya umeme ya Toyota, au ya hewa kama ARB. Imezimwa, ni difu ya kawaida, lami haijui kitu. Umeiwasha, matairi yamefungwa. Ikiwa pesa inatosha moja tu, iwe ya nyuma, kwa sababu ukipanda mlima uzito wote unakuja nyuma, na pia mbele ikifungwa usukani unakuwa mgumu kama wa trekta. Bei ni ya kuuma, sitadanganya. Ya hewa inataka kompresa na mipira isiyovuja. Ya umeme mota yake inakaa pale chini ikila matope, na usipoitumia inakwama. Iwashe na kuizima mara moja kwa mwezi mahali penye mchanga. Kwa Prado weka 4L kwanza.

Na si kila matope yanataka loka. Barabara ya udongo mweusi iliyoinama upande, ukifunga nyuma, matairi yote mawili yanateleza pamoja na mkia unashuka mtaroni. Hapo difu wazi na mguu mwepesi ni salama zaidi.

Yule mzazi alinitumia picha. Hana loka, hana LSD, na matairi yake ya nyuma yamekuwa laini kama sahani. Nilimwambia: mzee wangu, nunua matairi yenye meno kwanza, punguza upepo kwa zile kilomita mbili, ujaze tena ukifika lami. Loka ya swichi ije baadaye. Kama gari lina ile mifumo ya breki inayobana tairi linalozunguka bure, hata usiwe na haraka. Hakufurahi. Alitaka nimtajie weldi ya bei gani.

Kitu cha mwisho, cha bei ya chini kuliko vyote na ambacho hakuna duka litanilipa nikiseme. Eksli ikiwa moto na ukaingia mtoni, inapoa ghafla na kuvuta hewa kupitia kipumulio chake kidogo hapo juu. Kikiwa chini ya maji, inavuta maji. Fungua nati ya mafuta. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, badilisha yote kabla beringi hazijaanza kulia. Mpira mrefu wa kupandisha kipumulio hicho hadi karibu na kifuniko cha tangi unapata Kirinyaga Road. Video ya kuufunga itakuja wiki ijayo, nikipata mtu wa kunishikia simu.