Kahawa ya karanga na kikombe kimoja cha mbegu

Hapa kwetu Ubwari maziwa ya ng'ombe ni shida kupata. Ziwa Tanganyika linatupa ndagala na mikebuka, lakini anayetaka kahawa nzito, laini mdomoni, anaitafuta kwenye karanga. Mimi nilifundishwa na mama mkubwa wangu, aliyefika nyumbani kwetu akikimbia vita.

Alikuja kwa miguu kutoka upande wa Lulimba, yeye na mjukuu wake. Ndani ya kitenge alikuwa amefunga nguo za mtoto na karanga za mbegu, kama kilo tatu. Sufuria, godoro, mbuzi, vyote vilibaki. Zile karanga alizilalia kichwani kama mto.

Wiki ya tatu, asubuhi wavuvi wakitoka ziwani, aliniambia: «Mwanangu, washa makala. Majirani wametupa samaki tangu tufike. Leo waite.»

Nikamwona anapima karanga kikombe kimoja. Nikasema: «Mama mkubwa, hiyo ni mbegu. Utapanda nini?»

Akajibu: «Tangu nifike ninakula vya watu. Leo waache nao wanywe changu.»

Nilinyamaza.

Kwanza alichagua. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au kubadilika rangi aliitupa, kwa sababu sumu ya ukungu haiishi kwa kukaangwa. Akakaanga kwa moto mdogo bila mafuta, akikoroga mpaka harufu ikajaa uani. Akatoa maganda, akapepeta, akatwanga kwenye kinu mpaka zikawa laini na kuanza kutoa mafuta.

Mimi nilichemsha maji kama lita moja. Tuko kando ya ziwa, na kipindupindu tunakijua. Maji lazima yatokote vizuri. Nikatia vijiko vitatu vya kahawa ya kusaga na tangawizi iliyopondwa, nikaacha dakika tano, nikachuja kwa kitambaa safi.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanatupa karanga zote ndani ya sufuria, zinashikana mabonge. Mama mkubwa alizikoroga kwanza kwenye bakuli na kahawa moto kidogo kidogo, mpaka zikawa kama uji. Kisha akazimimina kwenye sufuria, sukari na chumvi kidogo sana, moto mdogo, bila kuacha kukoroga. Ikitokota kwa nguvu, mafuta yanajitenga na kuelea juu. Mtoto alipewa ya karanga peke yake, bila kahawa. Na inanywewa siku ileile; ikilala inachacha.

Kijana mmoja akauliza kama anaweza kuongeza lutuku kidogo, kama wanavyofanya wengine jioni. Mama mkubwa akamtazama tu. Kijana akanywa bila lutuku, akaomba tena.

Walikuwa watu saba, kila mmoja nusu kikombe. Mzee mmoja akauliza karanga zimetoka wapi. Alipoambiwa ni mbegu, akaweka kikombe chini, akakaa kimya. Halafu akasema: «Dada, nyuma ya nyumba yangu kuna kipande ambacho sijalima mwaka huu. Mvua zikianza, panda pale. Sitaki malipo.»

Mvua zilipoanza, tulipanda. Karanga hazikutosha: mistari miwili mwishoni ilibaki tupu. Nilimwonyesha, akacheka: «Ile mistari mliinywa.»

Nimeandika haya kwa ajili yenu mliopokea wageni, na ninyi mliopokelewa. Tunahesabu familia zilizokimbia, tunahesabu magunia ya msaada. Lakini mtu aliyekimbia anatamani pia siku moja awe ndiye anayekaribisha. Akikuletea kikombe, usimwambie ajiwekee. Kaa, unywe. Kisha muulize kama ana mahali pa kupanda.