Kabla ya Kulaza Mabomba



Mwezi wa Februari nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda Homa Bay kumjulia hali binti yangu, aliyeolewa huko. Ni mwezi wa jua kali katika nchi ile. Masika hayajafika, na udongo wake mweusi hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kutumbukiza mkono. Nilimkuta mkwe wangu amekwisha nunua mabomba ya plastiki na vinyunyizio tisa, naye amechora mistari ya jivu uani. Alitaka ukoka wa mbele ya nyumba uwe kijani mwaka mzima, na mboga za nyuma zipate maji pasi na mtu kushika ndoo. "Sheikh, Jumamosi fundi anakuja kuchimba," aliniambia kwa furaha.

Niliitazama ile mistari nikanyamaza, kwani nami niliwahi kufanya pupa kama ile.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa nikisomesha madrasa mjini Migori, na nilipanga nyumba yenye kiwanja. Mimi nimekulia katika nyumba za mawe zilizobanana, ambamo anga huonekana kwa kipande. Kiwanja chenye majani kilikuwa kwangu neema nisiyoizoea. Nilinunua mpira wa maji na kinyunyizio kimoja, nikakisimamisha pale mpira ulipofika, nikafungua. Sikupima kitu. Nyuma ya ua wa miti palikuwa na jiko la jirani yangu, mama mjane wa Kijaluo, lililokandikwa kwa udongo. Kila jioni kinyunyizio kilipozunguka, sehemu ya maji iliruka ua na kuupiga ukuta wake. Hakusema neno. Asubuhi moja niliamka nikauona ukuta umelala chini, na vyungu vyake viko juani. Nilipokwenda kumtaka radhi alinijibu, "Mwalimu, nilidhani unaona."

Ukuta niliujenga upya kwa gharama yangu, nikisaidiwa na wanafunzi wakubwa. Neno lile halikupata wa kuliondoa moyoni mwangu.

Basi nilimsimulia mkwe wangu habari hiyo, nikamwomba kabla ya fundi kuja tupime pamoja. Hakupendezwa, lakini kwa heshima alikubali.

Kwanza tulipima wingi wa maji. Tulitia ndoo ya lita 20 chini ya bomba litokalo tangini, nikashika saa. Ilijaa kwa sekunde 50, yaani lita 24 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo, ikiwa kinyunyizio kimoja chanywa lita 8 kwa dakika, havifunguliwi zaidi ya vitatu kwa pamoja. Vile tisa vyote vingegawanywa katika mafungu matatu, kila fungu na koki yake.

Pili tulipima nguvu ya maji. Tangi lao la lita 5,000 limewekwa juu ya mnara wa mita 3. Kila mita 10 za kimo huyapa maji nguvu ya takriban ba moja, basi mita 3 hazifikishi hata thuluthi ya ba. Vinyunyizio vile huhitaji kama ba mbili ili virushe maji kama inavyopasa. Tulikifunga kimoja tukajaribu. Maji yalichuruzika miguuni pake kama yatokayo katika birika.

"Nitanunua pampu," alisema mkwe wangu.

Hapo nilimwita binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kwa sababu mwenye kuufagia uani ndiye aujuaye. Tulipima ukoka: mita 12 kwa mita 8, jumla mita 96 za mraba. Jua kama lile laweza kunyonya majanini kimo cha milimita 5 za maji kwa siku, na kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hivyo ukoka ule ungetaka lita 480 kila siku. Tangi zima lingekauka katika siku kumi.

Binti yangu alihesabu kwa namna yake. "Baba, hiyo ni mitungi 24. Sisi humu ndani, kupika, kufua na kuoga, hatufikishi mitungi kumi. Na maji ya bomba hayaji kila siku. Yasipokuja, mitungi hiyo ataileta nani?"

Aliyauliza kwa upole, naye akitazama chini. Mkwe wangu alimtazama mkewe kwa muda, kisha akaanza kuifuta ile mistari ya jivu kwa mguu wake.

Wasomaji wapenzi, tumefunzwa tangu utotoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Twalisoma hilo katika mlango wa tahara, tukafunga kitabu, tukadhani limeishia msalani. Tumesoma pia kwamba Zubeir na mtu mmoja wa Ansari waligombania maji ya kumwagilia mitende, na Mtume akamwelekeza Zubeir anyweshe mitende yake, kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Na katika mifereji ya kale ya Oman iitwayo aflaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, maji hupita kwanza kwa wenye kunywa, kisha msikitini na penye kuogea, na mashamba hufuata. Kupanga maji ni kupanga haki, nani atangulie na nani asidhurike.

Jioni ile tulichora upya, safari hii kwa penseli na karatasi, na binti yangu ndiye aliyeelekeza. Ukoka tuliuachia mvua. Ukikauka kiangazi, mizizi hungoja. Mboga za nyuma, sukuma wiki, nyanya na kunde, tuliziwekea mipira ya matone, ambayo huridhika na nguvu ndogo ya tangi la mnara. Penye kuanzia tulitia chujio, kwa kuwa tundu za matone huzibwa na mchanga. Udongo ule mweusi hunywa polepole, na tone huusubiri. Maji yanayosuuzia mboga na yale ya udhu yalielekezwa migombani. Kila bomba lilikaa mita moja ndani ya mpaka, mbali na ukuta wa jirani.

Mwenye maji ya kutosha na pampu asikatazwe vinyunyizio, ila achore kwanza. Kila kinyunyizio kirushe hadi kilipo mwenzake, la sivyo katikati patabaki pakavu. Penye kona akiweke kinachozunguka robo, na penye ukingo nusu, ili maji yasivuke mpaka wala yasilowe kamba ya nguo. Amwagilie baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda na upepo wa mchana haujaanza kuvuma kutoka ziwani.

Niliporudi nilipitia Migori, nikamtafuta yule mama. Amezeeka, na jiko lake sasa ni la matofali. Nilimwuliza ukuta wangu ulidumu muda gani.

"Ulidumu, Mwalimu, mpaka mwanangu aliponijengea huu," alisema akicheka. Kisha akaniuliza kama siku hizi napima.

Nilimjibu kwamba napima, na kwamba safari hii nilipimiwa na binti yangu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuona kabla ya kuambiwa, na azibariki nyumba zetu na za majirani zetu. Wabillahi tawfiq.