Darakasi na Taka za Baharini

Msafiri atokaye Kismayo kwa jahazi kuelekea kusini huanza kuviona visiwa vya Wabajuni mara tu aiachapo bandari. Ni safu ndefu ya visiwa vifupi na miamba ya matumbawe, iliyojipanga sambamba na pwani ya Somalia mpaka karibu na Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Darakasi ni jina mojawapo katika safu hiyo, pamoja na Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Upande wa bara maji hutulia, na vyombo vidogo hupita salama. Upande wa nje bahari kuu hupiga mwamba usiku na mchana, na huko ndiko hutupwa kila kielelacho katika Bahari ya Hindi.

Zamani bahari haikuwa na kitu kibaya cha kutupa. Wabajuni walisifika kwa kuunda mtepe, chombo ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake likasukwa kwa miyaa kama mkeka. Mtepe ukivunjika mwambani, baada ya miaka michache haukuonekana tena: kamba ilioza, mbao zikaliwa na wadudu, mkeka ukarudi kuwa majani. Hata dema la mvuvi, likipotea kilindini, lilifumuka lenyewe na samaki wakatoka. Mitepe iliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na haikuacha uchafu wowote ufukweni.

Uvuvi wao wa kasa nao ulikuwa wa ustadi mkubwa. Walimtumia chazo, samaki mwenye kibandiko juu ya kichwa. Chazo hufungwa kamba mkiani, huachiliwa majini karibu na kasa, naye humganda gambani. Mvuvi huvuta taratibu mpaka kasa akafika chomboni. Msomi wa Kiitalia, Vinigi Grottanelli, aliyechapisha mwaka 1955 kitabu kikubwa juu ya wavuvi wa pwani hiyo, aliikuta kazi hii ikiendelea. Kasa alikufa, ni kweli, lakini nyama yake ililiwa na gamba la ng'amba likauzwa. Alikuwapo mtu aliyefaidika na kifo chake.

Siku hizi kasa aweza kufa bila ya mtu yeyote kumhitaji. Mfuko wa plastiki ukielea chini kidogo ya uso wa maji, ukipunga na kukunjuka, hufanana na yavuyavu, nacho ni chakula kimojawapo cha kasa. Huumeza. Koo lake lina miiba iliyoelekea ndani ili chakula kisitoroke, kwa hiyo hawezi kuutema hata akitaka. Mfuko hukwama utumboni, chakula hakipiti, gesi hujaa, na mnyama aliyeumbwa kuzama huelea juu ya maji kama boya, hawezi kupiga mbizi kujitafutia riziki wala kulikimbia jahazi. Watafiti wa Australia waliochunguza mizoga na kumbukumbu za kasa karibu 1,000 walieleza mwaka 2018 kwamba kasa aliyemeza kipande kimoja tu ana hatari ya kufa ya asilimia 22. Akifikisha vipande 14, hatari hiyo huwa nusu kwa nusu.

Basi plastiki hizo zatoka wapi? Wengi hupenda kujibu kuwa zatoka kwa wengine. Jibu hilo lina ukweli, ila si wote. Mkondo mkubwa wa kusini ya ikweta huvuka bahari kutoka upande wa Indonesia hadi Madagaska na Afrika Mashariki, na chupa zenye maandishi ya Indonesia zimeokotwa katika fukwe za Kenya. Wakati wa kusi maji hukimbia kuelekea kaskazini. Kaskazi ivumapo, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka, ukakutana na ule upandao kutoka Tanzania si mbali na visiwa hivi. Kilichotupwa Dar es Salaam au Mombasa chaweza kupanda, na kilichotupwa Mogadishu chaweza kushuka. Kwa karibu zaidi uko mto Juba, ambao humwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya Kismayo, baada ya kupita miji mingi. Mvua kubwa zikinyesha, mitaro yote husafishwa kuelekea upande mmoja.

Wingi wake wapita kiasi. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza tani milioni 2 za plastiki. Mwaka 2015 zilikuwa tani milioni 380 hivi. Wataalamu walikadiria kuwa katika mwaka 2010 peke yake, kati ya tani milioni 4.8 na 12.7 ziliingia baharini kutoka nchi kavu. Nazo haziozi. Jua na mawimbi huzikatakata tu, hata zikawa punje ndogo kama mchanga, zikaliwa na dagaa.

Mfano wa kisiwa cha mbali uko Aldabra, katika Shelisheli. Watu hao ni wachache mno, lakini mwaka 2019 wafanyakazi wa kujitolea waliondoa huko tani 25 za taka, wakakadiria kuwa zilizosalia ni zaidi ya tani 500. Sehemu kubwa kwa uzito ilikuwa nyavu, kamba na zana nyingine za uvuvi wa meli kubwa. Zilizobaki zilikuwa na kandambili, zipatazo 360,000 kwa makadirio. Wavuvi wa Darakasi na Koyama hawahitaji kuelezwa habari za nyavu hizo. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, meli za kigeni zilivua katika maji yake bila idhini, na jarife la nailoni likikatika huendelea kuvua peke yake: hunasa samaki, kasa na kamba koche, wakaoza humo, na harufu yao ikavuta wengine.

Hata hivyo si haki kulaani kila kilicho cha plastiki. Dumu la mafuta ya kupikia, likishakwisha mafuta, ni mtumishi mwema katika visiwa ambavyo maji matamu ni ya shida. Huteka maji, huhifadhi mafuta ya taa, na baadaye huwa chelezo cha wavu. Hakuna mama wa pwani alitupaye ovyo. Kinachotupwa ni kile kilichotengenezwa kitumike dakika tano: mfuko wa sukari, kifuniko, chupa ya maji ya safarini. Na nyumba nyingi, zikikosa pa kuitupa mifuko, huiwashia jiko la makaa, moshi ukavutwa na mama pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Serikali zimeanza kuchukua hatua. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo hupunguza kinachoingia; kilichokwisha kufika mwambani hakijui sheria. Nao Wabajuni wengi waliokimbilia Mombasa wakati wa vita vya 1991 hawakurudi, na kisiwa kilichopungukiwa na watu hupungukiwa pia na mikono ya kuokota.

Kusini ya mpaka, Kiunga, wako Wabajuni wa Kenya, na bahari yao ni ile ile. Huko ni hifadhi ya bahari tangu 1979, na kasa hupanda mchangani kutaga. Katika miaka ya 1990 watoto wa Kiunga walionekana wakichonga vijigari na mashua za kuchezea kutokana na kandambili zilizotupwa na maji. Mama zao wakalichukua jambo hilo kuwa kazi, tangu mwaka 1997 hivi, kwa msaada wa watu wa hifadhi. Huko Lamu nako fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa vipande vya kandambili 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja kwa tanga.

Kandambili hufika pwani moja moja, wa kushoto bila wa kulia. Akina mama wa Kiunga hawakutafuta jozi. Waliziosha, wakazibandika moja juu ya nyingine kwa rangi zake, nyekundu, buluu na kijani, kisha kwa kisu kikali wakachonga kasa wadogo wa kuuza.