Kitanda Usichokilalia



Wapendwa waamini, juma hili tunawaletea tafakari iliyozaliwa mezani penye birika, si mezani penye vitabu. Tunawaomba radhi wale waliotarajia jambo kubwa zaidi. Hata sisi tuliliona dogo, mpaka lilipotuangusha.

Jumatano ya Majivu mwaka huu tulikubaliana, sisi tunaoishi katika nyumba ya mapadre, kuacha kahawa kwa siku zote 40 za Kwaresima. Ninyi mnaotufahamu mnajua uzito wa azimio hilo. Mlima wetu umeijua kahawa tangu wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoipanda katika misioni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na ada za shule za wengi wetu zilitoka katika mibuni iliyosimama chini ya migomba. Wazee wetu waliuza kahawa na kunywa chai. Sisi tulijifunza kuinywa seminarini, usiku wa mitihani, na tangu hapo haijatuacha. Kikombe cha kwanza baada ya Misa ya asubuhi, cha pili ofisini, cha tatu baada ya chakula cha mchana, cha nne tukirudi kutembelea wagonjwa, cha tano usiku tukiandaa mahubiri. Dominika, kutoka parokiani kwenda kigangoni, chupa ya kahawa husafiri nasi garini kama padre wa tatu.

Tulidhani tunaacha kinywaji. Kumbe tulikuwa tumeshika mkia wa chui.

Jumatano jioni, tukipaka majivu katika Misa ya pili, kichwa kilianza kugonga nyuma ya macho. Tulisema ni njaa ya mfungo. Alhamisi asubuhi hatukuwa na kisingizio tena. Kichwa kilijaa kama chungu kinachochemka, macho yalikataa mwanga, na sala ya asubuhi tuliisali kama watu wanaosoma lugha ya kigeni. Saa mbili na nusu alikuja bibi mmoja, mjane, kuandikisha nia ya Misa kwa ajili ya marehemu mumewe. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka juu mlimani. Tulimjibu kwa ukali kwamba ofisi inafunguliwa saa tatu, asubiri nje. Alisema tu, "Samahani, Baba," akaenda kuketi juani.

Fikirini jambo hilo, ndugu wapendwa. Tulikuwa tumefunga kwa ajili ya Mungu, na tunda la kwanza la mfungo wetu lilikuwa kumfukuza mjane mlangoni.

Vijana wetu wana neno la hali ile. Huiita arosto: mateso yanayompata mtu anapokosa kile ambacho mwili wake umekizoea. Wao hulitumia zaidi kwa waraibu wa heroini, na hatupendi kulinganisha kahawa na sumu ile. Hata hivyo, mlango wa nyumba ni mmoja, ingawa vyumba vinatofautiana ukubwa.

Tulipopata nafuu tulimwomba daktari mmoja rafiki yetu atueleze kilichotupata, akatueleza kwa mfano wa mabenchi ya kanisani. Katika ubongo, alisema, kuna kemikali iitwayo adenosini, ambayo huongezeka kadiri siku inavyosonga na kutuletea usingizi. Ina viti vyake vya kukalia. Kafeini iliyomo katika kahawa hufika na kuvikalia viti hivyo, adenosini ikabaki imesimama mlangoni, na sisi tukajiona wachangamfu. Ubongo nao haukubali kudanganywa daima: kwa mtu anywaye kila siku, huongeza viti. Siku kafeini isipokuja, adenosini huingia kwa wingi na kukuta viti vingi kuliko mwanzo. Hapo hufika uzito, usingizi, huzuni isiyo na sababu na hasira ya karibu. Mishipa ya damu ya kichwa hutanuka, na maumivu huanza.

Alituambia pia kwamba hali hiyo huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na huisha katika muda wa siku 2 hadi 9. Hata anayekunywa kiasi cha kikombe kimoja kila siku aweza kuipata. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaitambua rasmi. Haikuwa udhaifu wa imani, basi, wala shetani wa Kwaresima. Ulikuwa mwili ukidai kile tulichoufundisha kukidai.

Jumamosi tulikwenda kwa yule bibi kuomba msamaha. Tulimwamkia shikamoo, tukamweleza yote bila kujitetea. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Marahaba, Baba. Hayo yamekwisha," alisema. "Marehemu alipoacha ugoro, tuliishi na chui humu ndani juma zima. Mimi sikubishana naye. Nilimpikia uji, nikamwacha alale."

Tulirudi nyumbani kimya. Maneno yale yalitukumbusha jambo ambalo kwa mwaka mzima hatujawaambia, nalo ndilo sababu hasa ya tafakari hii.

Mwaka jana baba mmoja wa familia alitujia akilia. Alikuwa akinywa gongo kila siku kwa miaka mingi, na nyumba yake ilikuwa inaanguka. Sisi, ambao hatukuwahi kuacha hata kikombe kimoja cha kahawa, tulimhubiria kuhusu nguvu ya nia. Tulimwambia kwamba mwanamume akiamua, ameamua. Tulimpeleka mbele ya altare akaahidi kutogusa tone tena tangu saa ile. Naye, wapendwa, alitutii. Hapo ndipo panapotuuma hata leo: alitutii.

Usiku wa pili tuliitwa nyumbani kwake. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, jasho likimtiririka, akizungumza na watu wasiokuwepo. Ndugu zake walisema ni mapepo, nasi tulivaa stola tukaanza kusali. Tukiwa katikati ya sala alianguka akapata degedege. Jirani mmoja, muuguzi mstaafu, aliingia akatuambia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya padre: "Baba, sala ziendelee ndani ya gari. Huyu anakwenda hospitali sasa." Alipona. Lakini daktari wa zamu alituambia waziwazi kwamba mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, akikatisha ghafla bila uangalizi, aweza kufa. Na kwamba zipo dawa za kumvusha salama katika siku zile za kwanza.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tulimtandikia mwenzetu kitanda ambacho sisi hatukuwa tumekilalia hata usiku mmoja, kisha tukashangaa kwa nini hapati usingizi. Mwaka huu tumekilalia kidogo tu, pembeni, kwa ajili ya kahawa, na tulimfukuza mjane. Yeye alikilalia chote.

Baba huyo ametupa ruhusa ya kusimulia haya. Tulimwomba msamaha, naye alitupa. Ameendelea na safari yake. Miezi michache baada ya kutoka hospitali alirudi kunywa siku moja, na wako waliosema, "Si tulisema?" Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake alirudi kwa daktari na kwa jumuiya yake ndogo ndogo, na tangu hapo hajanywa.

Tukitafakari hayo, tumesoma upya habari ya nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya amechoka, amejilaza chini ya mti jangwani, anaomba afe. Malaika anamjia. Tumesoma habari hiyo mara nyingi bila kuona kwamba malaika hamkemei wala hampi mahubiri. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anarudi mara ya pili na chakula kile kile, kwa sababu safari iliyo mbele ni ndefu. Yule bibi na uji wake alikuwa ameielewa sura hiyo kuliko sisi tulioisomea miaka yote seminarini.

Wana wa Israeli nao, katika Kitabu cha Hesabu sura ya 11, walitoka utumwani lakini matumbo yao yalibaki Misri. Waliwalilia samaki, matango, matikiti na vitunguu. Mtu aweza kuvuka bahari kwa usiku mmoja. Kuyasahau masufuria ya Misri kwahitaji muda. Anayeacha sigara, ugoro, mirungi, kamari ya mechi za mpira au simu inayomkesha hadi usiku wa manane yupo katika jangwa hilo. Tusimcheke anapozikumbuka harufu za Misri.

Tunakumbuka pia Matt Talbot, mfanyakazi maskini wa Dublin, nchini Ireland, aliyekuwa mlevi tangu utoto wake. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliahidi kuacha pombe. Hakuahidi maisha yote siku ile. Aliahidi miezi mitatu, na baadaye tu akaiongeza hadi kufika maisha yote. Alifariki mwaka 1925 njiani akienda Misa, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa. Miezi mitatu ilimtosha kuanza.

Basi, kwa wale mnaotaka kuacha jambo fulani Kwaresima hii, tunawapa machache tuliyojifunza kwa gharama.

Kwanza, kama ni kahawa au chai, usikate ghafla kama tulivyofanya. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, mwili ujifunze taratibu. Kumbuka kwamba chai ya rangi na soda za kola nazo zina kafeini. Aliyehama kahawa akahamia birika la chai amebadilisha chumba, hajatoka nyumbani. Hata baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa vina kafeini ndani yake, kwa hiyo soma kwanza kilichoandikwa kwenye pakiti. Kunywa maji, lala mapema, na ukiweza chagua siku zisizo na kazi nzito.

Pili, kama ni pombe ya kila siku, na hasa kama mikono hutetemeka asubuhi kabla ya kunywa, usiache peke yako nyumbani. Nenda hospitali kwanza. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za kulevya: wapo wataalamu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini mwaka 2011, na huduma hiyo imefika mikoa mingine tangu wakati huo. Kumpeleka mtu huko si kukosa imani. Sala ziendelee ndani ya gari.

Tatu, waambie watu wa nyumbani mwako kabla hujaanza. Tungelimweleza mapema katekista wetu, angelimpokea yeye yule bibi siku ile, nasi tungelikwenda kulala. Nanyi mnaoishi na anayeacha, mvumilieni. Hasira ya siku zile si moyo wake wote unaozungumza. Mpikieni uji, mwacheni alale.

Mtauliza, je, mfungo wenu uliishia wapi? Siku ya tisa asubuhi tuliamka kichwa kikiwa chepesi kama cha mtoto. Hatujarudi kwenye kahawa, ingawa hatuahidi kitu baada ya Pasaka. Kahawa yenyewe si dhambi, na wengi wenu mnaishi kwa kuilima. Lakini tumeamua kwamba zawadi yetu ya Kwaresima hii haitakuwa kahawa tuliyoinyima midomo yetu. Itakuwa hii: kwamba atakapokuja mwingine akilia mlangoni mwetu kwa sababu ameshindwa kuacha, hatutamwambia tena "amua tu." Tutamkaribisha aketi. Tutamuuliza anakunywa kiasi gani, na tangu lini. Kisha tutatafuta ufunguo wa gari.

Dominika hii, tukikutana kanisani, msituulize tu kama tumeacha kahawa. Tuulizeni kama tumewapokea vema wale waliokuja ofisini. Nasi tunawaombea ninyi nyote mlio njiani kutoka Misri zenu, wakubwa kwa wadogo, mliopo siku ya kwanza na mlioanguka jana.

Mungu awabariki. Tusali kwa ajili ya wenzetu.