Nilichokiruka Kati ya Seli

Nilipokuwa nasomea ubingwa wa patholojia, wenzangu walikuwa wakiniletea slaidi ngumu niziangalie kabla hawajazipeleka kwa walimu. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyokiri. Kazi yetu ni kukaa na hadubini, kusoma vipande vya nyama vilivyotolewa mwilini mwa mgonjwa, na kusema: hii ni saratani, hii siyo, na kama ni saratani, ni ipi. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hatumwoni. Kwa mtu mwenye kiburi kama nilichokuwa nacho, hiyo ilikuwa raha. Hakuna anayelia mbele yako, wala anayekuuliza maswali.

Niseme nilivyokuwa nikitazama. Tishu ikishakatwa vipande vyembamba hutiwa rangi mbili, hematoksilini na eosini. Viini vya seli hushika zambarau, na sehemu kubwa ya vilivyobaki hushika waridi. Mimi nilisoma zambarau. Nilitazama ukubwa wa seli, sura ya viini, na wingi wa seli zinazojigawa. Ile waridi iliyo kati ya seli niliichukulia kuwa mahali pa seli kukaa, basi. Majina ya vilivyomo niliyajua, maana tuliyakariri kwa ajili ya mtihani: kolajeni, fibronektini, laminini, protini ambazo seli huzitengeneza na kuzitoa nje, zikasukana kuwa matriksi inayoushikilia mwili. Nilifaulu mtihani, nikayasahau.

Ndipo ikaja biopsi ya binti wa kidato cha kwanza. Fomu yake ilisema ana uvimbe juu ya goti la kushoto, maumivu yanayozidi usiku, na kwamba alikuwa amekandwa kwa muda na mganga wa mifupa kabla ya kufikishwa hospitali. Kinyama chenyewe kilikuwa kidogo. Seli zilikuwa ndogo, za mviringo, zimejazana. Kwa mtoto wa umri huo na mfupa kama ule, seli za namna hiyo humpeleka mtu upesi kwenye sakoma ya Ewing, aina mojawapo ya saratani ya mfupa, nami nikaenda upesi. Niliandika ripoti nikaipeleka kwa mwalimu wangu asaini.

Alikuwa mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Alitazama kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, “Mwanangu, hizi seli zinatengeneza nini?”

Nikamjibu kwamba zinajigawa sana.

“Sikuuliza zinafanya fujo gani. Nimeuliza zinatengeneza nini.”

Akaisogeza slaidi hadi pembeni, sehemu niliyokuwa nimeipita mbio, akapunguza mwanga, akanipisha kwenye kiti. Kati ya seli palikuwa na nyuzi nyembamba za waridi, hazina mpangilio, nyingine zimezunguka seli mojamoja. Ilikuwa osteoidi, yaani mfupa ambao bado haujaingia madini, na sehemu yake kubwa ni kolajeni ya aina ya kwanza. Zilizokuwa zikiitengeneza ni zile seli mbaya zenyewe. Hapo ndipo osteosakoma inapotambulika: seli za saratani zikionekana zinatengeneza mfupa zenyewe, jina la ugonjwa ni hilo, hata kama seli ni ndogo na za mviringo kama za Ewing. Tofauti hiyo ina uzito wodini. Sakoma ya Ewing huitika mionzi vizuri, osteosakoma ni sugu kwa mionzi, na mpangilio wa dawa zake ni mwingine. Karatasi niliyokuwa nimeiandika ingempeleka yule binti kwenye matibabu ya ugonjwa usio wake.

Mama yule hakunikemea. Aliagiza kipande kikatwe zaidi, akahakikisha, akaniambia niandike ripoti upya. Wenzangu hakuwaambia. Nilistahili aibu, nikafichiwa.

Ningependa kusema kwamba siku ile nilibadilika. Haikuwa hivyo. Nilikaa na kinyongo. Nilijiambia kinyama kilikuwa kidogo mno, kipande kilikatwa kinene, mtu yeyote angepitwa. Watu wa kazi zetu tunayo maneno mengi ya namna hiyo, na yote yana chembe ya ukweli, ndiyo maana ni hatari.

Aliyenivunja ni baba wa binti. Mtoto alikuwa amepewa sisplatini na doksorubisini ili uvimbe udhibitiwe kabla ya upasuaji, kisha akapigwa eksirei. Uvimbe ulikuwa na ukubwa uleule, na kwenye picha ulionekana mweupe zaidi. Baba akazunguka hospitali nzima hadi akafika mlangoni petu, maana alikuwa amesikia kwamba huku ndiko wanakosoma vipande vya uvimbe. “Shikamoo, daktari,” akaniamkia, mtu wa umri wa baba yangu. Nikaona haya. “Dawa zimeshindwa?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia aende akawaulize wa wodini, halafu nikamfuata mwalimu wangu, safari hii nikiwa sina jambo la kujionyesha. Akanieleza kwamba dawa huua seli, lakini matriksi ambayo seli zimekwisha kuijenga na kuitia madini haiyeyuki. Ni kama nyumba ambayo wenyewe wamekufa: kuta zinabaki zimesimama, na anayepita barabarani hawezi kujua kama ndani kuna mtu. Ndiyo maana katika osteosakoma ukubwa wa uvimbe kwenye picha hautoshi kuamua kama dawa imefanya kazi. Inabidi kuingia ndani na kutazama.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Tulipasua mfupa kwa urefu wake, tukachora ramani ya kipande kizima, tukasoma sehemu baada ya sehemu. Nilikaa na kazi ile polepole kuliko nilivyowahi kukaa na kazi yoyote. Slaidi baada ya slaidi ilikuwa waridi tupu: mfupa wa ovyo uliojengwa na saratani, na ndani yake hakuna aliye hai. Kipimo kinachotumika ni asilimia 90 ya uvimbe kufa, na huu ulikuwa umevuka. Nilimtafuta baba nikamweleza mwenyewe.

Baada ya hapo nilianza kusoma nilichokuwa nimekidharau. Nikakuta kwamba mwaka 1984 Mina Bissell na mwenzake David Dolberg, huko California, waliingiza virusi vya Rous, ambavyo huwaletea kuku saratani, kwenye vijusi vya kuku vilivyo ndani ya yai. Uvimbe haukutokea. Seli zilezile zilipotolewa kwenye kijusi na kutenganishwa kwenye chombo cha maabara, zikageuka za saratani. Mwaka huohuo Hiroyuki Shimada na wenzake waligawa neuroblastoma, saratani ya watoto wadogo ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo, kwa kutazama kwanza kilicho kati ya seli: seli za Schwann pamoja na nyuzi zake. Penye tishu hiyo kwa wingi, kwa jumla watoto walikuwa na matumaini makubwa zaidi. Yote hayo yalikuwa yameandikwa zamani, na mimi nilikuwa najiita mwenye jicho.

Matriksi si rafiki wa mtoto siku zote. Kolajeni ikikaza, seli za saratani huweza kuutumia ugumu huo kujisukuma mbele, na nyuzi zake huwa njia ya kupitia. Zipo dawa zilizotengenezwa kuzuia vimeng’enya vinavyokata matriksi, kwa matumaini kwamba saratani itakosa pa kupita. Zilipojaribiwa kwa watu wazima, matokeo yalivunja moyo. Wapo wanaosikia habari hizi wakazigeuza mahubiri: seli ni mtu, matriksi ni jamii, malezi mema hushinda ubaya. Nimeombwa niseme hivyo kanisani, nikakataa. Yule binti hakuugua kwa sababu ya nyumba mbaya.

Siku hizi kinyama cha mfupa wa mtoto kikija, naanza na waridi. Naomba vipande zaidi, na fundi wetu wa maabara hunung’unika kwamba nitammalizia tishu yote. Wanafunzi nawauliza swali nililoulizwa. Bado nikichoka macho yangu hukimbilia zambarau, nami hulazimika kuyarudisha.

Binti alirudi shule na mguu wa bandia. Osteosakoma hupenda kuhamia mapafuni, kwa hiyo anaendelea kupimwa kifua, na mpaka naandika haya kiko safi. Watoto wengine waliokuja baada yake, ambao slaidi zao nilizisoma kwa uangalifu mkubwa kuliko nilivyoisoma yake, wamezikwa. Yeye, ambaye nilikuwa nimempoteza kwenye karatasi, yuko hai, na si kwa kazi ya mikono yangu. Namshukuru Mungu na namshukuru mama yule. Mwezi ujao binti ana kliniki, na baba yake ameshanipigia simu kuniuliza kama nitakuwepo.