Rede Chumbani

Mwaka 2012, miaka miwili baada ya mimi kustaafu, mke wangu aliteleza kizingitini nyumbani kwetu Ushongo, akiwa na ndoo ya maji mkononi. Alikuwa na umri wa miaka 51. Tulivuka kivuko kutoka Bweni hadi Pangani mjini, na huko mkono ukafungwa hogo. Mganga alitueleza kwamba hedhi ikishakoma mifupa ya kina mama hupungukiwa nguvu upesi, na kwa kuwa mtu aangukapo hutanguliza kiganja, kifundo cha mkono huvunjika kwa urahisi. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mama, mara ya mwisho kuruka ilikuwa lini?"

Alinitazama mimi kabla ya kujibu.

Mwaka 1994, nikiwa mwalimu mkuu, nilimkuta uwanjani akicheza rede na wanafunzi wa darasa la sita. Msomaji aliyekulia huku hahitaji kuelezwa: wawili wanarushiana mpira wa matambara, mmoja yuko kati, anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Sikumbuki zoezi hata moja nililofundishwa chuo cha ualimu linalokusanya mambo mengi hivyo: kuruka, kugeuka ghafla, kuinama na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja. Hayo niliyajua. Hata hivyo jioni ile nilimwambia kwamba haipendezi mke wa mwalimu mkuu kurukaruka mbele ya watoto. Hakubishana. Hakucheza tena kwa miaka 18.

Hogo lilipofunguliwa, kijana wetu aliyeko Dar es Salaam alituletea mashine ya michezo ya televisheni, Wii ya kampuni ya Nintendo ya Japani, pamoja na ubao wake wa kusimamia, ambao ulianza kuuzwa mwaka 2007. Ubao huo ni kama mizani ya kupimia uzito, ila una vipimio vinne, kila pembe kimoja, hivyo hutambua mwili umeelemea wapi. Katika mchezo mmoja mipira hurushwa, nawe huipiga kichwa kwa kuinamia kushoto au kulia. Lakini kati ya mipira huchanganywa viatu, na viatu sharti uvikwepe. Mke wangu alipoona kiatu cha kwanza kinamjia usoni alipiga ukelele: "Mwalimu! Hii si rede hii?"

Nilimwekea kiti pembeni, maana mazoezi ya kuzuia kuanguka nayo yaweza kumwangusha mtu. Wiki za mwanzo aliyumba kama ngalawa iliyovunjika mrengo. Baada ya miezi miwili aliweza kusimama kwa mguu mmoja akavaa ndara bila kushika ukuta. Wataalamu waliopima michezo ya namna hii wameona mizani ya mwili ikitengemaa. Kwamba watu huanguka mara chache zaidi baadaye, hilo ni gumu zaidi kulithibitisha, nami sitalidai.

Kilichonishangaza si mashine. Majirani, kina mama wa miaka 40 na 50, walianza kuja alasiri, nao walikuwa na sharti moja: mlango ufungwe. Hawa ni wanawake wabebao ndoo kichwani na kutembea mwambani maji yakipwa. Nguvu hawakukosa. Walichokosa ni ruhusa ya kucheza mbele za watu, na walioinyima ni sisi, wenye heshima zetu.

Mwaka 2016 hewa ya chumvi iliimaliza ile mashine, nami nikadhani mambo yameishia hapo. Jumamosi moja nikasikia kelele uani. Mlango wa ua ulikuwa wazi kabisa. Wajukuu wawili walikuwa na mpira wa soksi, bibi yao yuko kati, kanga kaifunga kibwebwe, chupa imefika nusu. Mara mjukuu mmoja akaitwa na mamaye, nikaambiwa nishike nafasi yake, upande wa mnazi.

"Rusha, Mwalimu," akasema.

Nilirusha. Sikumpata.