Kichuguu cha Mbele ya Luano

Mara ya kwanza mwalimu aliporudisha gesi nyuma bila kuniambia, tulikuwa futi 500 juu ya ardhi, tumetoka tu kuruka kwenye uwanja wa ndege wa Luano. Injini ikafifia, nikabaki nasikia upepo. Kwa woga nikavuta usukani kifuani. Yeye akausukuma.

“Pua chini, mwanangu! Sitini na tano. Halafu mbele!”

Miaka ile somo lote la injini kuzimika lilikuwa neno hilo moja, “mbele”. Luano iko kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado, hewa ya joto ni nyepesi mno: injini ya Cessna yetu ilikuwa inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Mshale wa mwendo ukionyesha 65, mwendo wenyewe hewani umeshazidi kwa kama asilimia 10, kwa hiyo kona inakuwa pana. Na anayelaza ndege nyuzi 45 ili arudi upesi anahitaji karibu asilimia 19 zaidi ya mwendo ili mabawa yaendelee kuibeba. Wengi wamekufa wakigeukia uwanja waliokuwa wanauona kabisa.

Basi tulichagua pa kutua mbele, kushoto kidogo au kulia kidogo. Hofu yetu ilikuwa vichuguu. Vya huku kwetu vingine vinafika mita 8, vimezidi nyumba kwa kimo. Kimoja kilikuwa kimezungukwa na mahindi. Kila nikiruka nilijiambia, pita kulia kwake.

Kisha miombo ikaishia kwenye magunia ya makala. Yakaja mashamba, yakafuata mabati.

Mwaka 2018 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliwashauri walimu wafundishe lini na namna gani rubani anaweza kurudi uwanjani injini ikizimika. Mwalimu wangu, mtu wa “mbele” miaka yote, alinipandisha futi 3,000 juu ya ardhi, akakata gesi, akanishika mkono.

“Hesabu nne kwanza. Siku yenyewe utashtuka hivyo.”

Ndipo nikageuka. Nusu duara haitoshi, maana inakuacha pembeni ya njia. Unapitiliza, kisha unakunja tena kuifuata. Tulipoteza futi 600. Akaongeza nusu yake, akaandika 900 kwenye karatasi: kwa ndege ile, uzito ule, joto lile.

Sasa kabla ya kuachia breki nasema kwa sauti: chini ya 900, mbele, juu yake, kurudi, upepo ukikubali. Lakini sehemu ya kwanza ndiyo inayonikaza koo, kwa sababu huko mbele kuna watoto wanaotupungia mikono. Kile kichuguu hakipo tena. Walikichimba wakafyatua matofali, wakayachoma, wakajengea palepale penye mahindi.